Kiondo cha Kaka Kiilu

Zombe, 3 Julai 2022

Ndugu yangu Nzau,

Sisi huku tungali wima, na wewe naomba uwe hivyo hivyo, pamoja na mke wako Ndunge, watoto, na yule ng'ombe wako ambaye kila ukipiga simu ni lazima nisikie habari za maziwa yake kabla ya za watoto. Mjukuu wangu ameota meno na sasa anauma kila mtu isipokuwa anayestahili. Goti langu bado linatabiri mvua, na bado linadanganya.

Utashangaa kupata barua ndani ya gunia badala ya simu. Nimechoka na simu yako. Tukiongea habari za parachichi, network inakuwa safi kama redio. Nikitaja kaka yetu Kiilu, mara "dada, sikusikii, hello, hello," kisha kimya. Karatasi haina mahali pa kukata. Nimempa Musembi, dereva wa lori linaloleta chakula chenu, na nimemwambia asikukabidhi mpaka umeketi.

Kwanza shukrani. Viazi, kabichi na maharagwe mnayochanga huko Kikima, kwenye vilima vya Mbooni, vinafika salama. Tunagawa kila Jumatano pale stoo ya kanisa, ambayo watu wameanza kuiita benki. Mzee mmoja aliniuliza kama anaweza kutoa bila kuwa ameweka. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya benki hii. Akaenda zake akitikisa kichwa, akasema basi itaanguka.

Mwambie Ndunge na akina mama wenzake kwamba viondo walivyosuka vimetuokoa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tulikuwa tunamimina maharagwe kwenye pindo za leso. Sasa kila nyumba inachukua kiondo kimejaa, inakula, inakirudisha tujaze tena. Lakini unawajua watu wetu. Nani atarudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu? Mama angetufukuza nyumbani. Kwa hiyo vinarudi na ndimu, na ukwaju, na yai, na kuni zilizokatwa vizuri. Kimoja kilirudi na jogoo mwenye hasira. Pasta Mutisya huviweka mezani, hufumba macho na kuombea mkono uliotoa, kabla hata ya kuangalia ndani. Yule jogoo alimfundisha kufupisha sala.

Sasa nifike nilikokuwa nikienda. Kiilu hali chakula. Mbuzi wake, wale wale waliokusomesha, wameisha na kiangazi hiki. Wamebaki wawili, na hao wawili wanaegemeana. Alichukua kiondo mara moja tu, mwezi wa tano, na hajarudi tena. Nikienda kwake ananiambia ameshiba. Mtu aliyeshiba hafungi suruali kwa kamba ya katani. Jioni napita kuangalia kama jikoni kwake kuna moshi, na siku nyingi hakuna.

Najua alichokuambia siku ulipohamia kwa wakwe zako, kwamba mwanamume anayejenga kwenye kilima cha mkewe ni ndama aliyefungwa kwa kamba ya jirani. Najua pia ulichomjibu, ingawa nyote wawili mlidhani niko jikoni. Sikuombi umpigie magoti. Naomba mistari miwili tu, umwambie ale. Mimi ananisikia kama redio ya nyumba ya pili.

Dada yako ambaye hajawahi kukata simu,
Kasiva


Kikima, 24 Julai 2022

Dada Kasiva,

Barua imefika. Musembi alisimama mlangoni kama askari wa mahakama mpaka nikaketi. Ndunge alidhani nimeshtakiwa.

Huku ni ukungu kuanzia asubuhi mpaka mtu anasahau jirani yake anafananaje. Ndunge anavaa sweta mbili, ya juu ikiwa yangu. Watoto wamefungua shule na kuifunga na kuifungua tena. Ng'ombe hajambo, asante kwa kumuulizia. Nimepanda miche ya parachichi upande wa chini, lakini inakua polepole kama kesi ya shamba. Udongo umechoka. Mbolea ya mabroka tunayoletewa ni nusu mchanga, na nusu nyingine ni maneno ya broka.

Akina mama wamefurahi kusikia habari za viondo. Wamesema yule jogoo angepikwa.

Kuhusu yale mengine uliyoandika, kwa bahati mbaya karatasi ililowa kidogo kwenye lori na sehemu fulani haikusomeka. Ilikuwa kuanzia pale "sasa nifike" hivi. Pole.

Kuna gunia dogo limefungwa kwa uzi mwekundu. Hilo si la stoo. Bila shaka huko Zombe kuna mtu anayependa viazi vidogo vidogo vya kuchemsha na maganda yake. Kila kijiji kina mmoja. Ukikutana naye, mpe. Usimwambie limetoka kwa nani. Hata mimi sijui limetoka kwa nani.

Wako asiyeona vizuri,
Nzau


Zombe, 14 Agosti 2022

Kwa Nzau mwenye macho mabovu,

Barua hii nimeifungia ndani ya mkebe wa majani chai, isije ikalowa sehemu fulani.

Tumepiga kura salama. Wagombea walituletea unga wenye picha zao, kwa hiyo mwezi uliopita tulikula nyuso nyingi. Tangu Jumanne unga umekwisha, na nyuso zimekwenda nao. Mjukuu wangu ametembea hatua kadhaa kisha akakaa kufikiri. Goti liko kama lilivyokuwa.

Gunia lako lisilo na mwenyewe nilimpelekea mtu wako usiyemjua. Alilifungua, akachukua kiazi kimoja, akakisugua kwa kidole gumba.

"Vimetoka wapi?"

"Stoo."

"Udongo mwekundu. Stoo yenu siku hizi iko Mbooni?"

Akafunga gunia, tena kwa fundo lile lile lako. "Mpelekee Mumbua. Ana wajukuu."

Mumbua ni yule mjane wa ng'ambo ya mto, na aliwashukuru watu wote ambao hawakutaka kushukuriwa.

Lakini nilipokuwa kwa Kiilu niliona jambo. Kile kiondo chake cha mwezi wa tano kimetundikwa ukutani, juu ya kitanda. Kimesuguliwa kikawa kama kipya, na mkanda uliokuwa umelegea ameushona. Nikamwambia, "Kaka, si ukilete tu tukijaze?" Akanitazama kana kwamba nimemwambia aje kanisani bila suruali.

"Nikilete na nini ndani?"

Nzau, mimi ndiye ninayesimamia ile stoo, na nilikuwa sijaelewa mpaka dakika ile. Na si yeye pekee. Kamati yetu ya stoo ilikuwa imeketi, ikaona viondo visivyorudi, ikaamua wenye navyo sasa wana chakula, au ni wezi wa viondo, na kwa vyovyote vile tuwafute. Kumbe watu wamejifungia nyumbani na njaa yao na kiondo kisafi, kwa sababu hawana hata ndimu moja ya kutia. Wenye kitu cha kurudisha ndio tunaowalisha. Wasio na kitu ndio tunaowaita wezi.

Nikamwambia Pasta Mutisya. Yeye ni mtu mwema na mwepesi wa kutangaza. Jumapili akasema kwenye kipaza sauti, "Rudisheni viondo hata vikiwa vitupu, Mungu anajua." Jumatano walikuja wachache kuliko siku zote. Mumbua aliniambia, "Mungu kujua ni sawa. Sasa kwa nini pasta awaambie na majirani?"

Juzi Kiilu alikuwa akienda kuchota maji akaketi kando ya njia. Watu wakampita, wakidhani anapumzika. Kiilu, anapumzika. Wewe umewahi kumwona akipumzika? Alipoinuka alishika mti kwanza.

Hapo hakuna pa kulowa. Nijibu.

Kasiva


Kikima, 4 Septemba 2022

Dada,

Mkebe umefika, na barua ilinukia chai vizuri kabisa. Ndunge anakusalimu. Shemeji zangu wote hawajambo, hata yule usiyempenda. Mtoto wetu wa pili amesema anataka kuwa broka. Tunamwombea.

Nimeisoma yote. Nimeisoma mara ya pili nikiwa shambani, ambako hakuna mtu wa kuniuliza nina nini.

Lori linarudi huku tupu kila safari, na Musembi anasema kwenye makorongo linaruka kama dumu lisilo na maji. Basi fanya hivi. Usimbembeleze mtu huyo. Ulimbembeleza utotoni akatumaliza sote. Mwambie kwamba mwenye kiondo anakitaka kiondo chake. Mwambie kuna mtu huku Kikima amesema hivi: kiondo ni mali ya akina mama, kimekaa kwake tangu mwezi wa tano, na sisi huku hatujui kama watu wa Zombe hutunza vya watu au la. Sema kwa sauti hiyo hiyo yako ya kamati.

Najua atakasirika. Nataka akasirike. Kukasirika kunahitaji nguvu, na nguvu zinahitaji chakula, na hesabu hiyo ataifanya mwenyewe.

Akiuliza ni nani aliyesema, usinitaje. Yeye atajua.

Nzau


Zombe, 25 Septemba 2022

Nzau, mwana wa mama yangu,

Tuko wazima, salamu zitosheleze hapo, maana leo sina nafasi ya meno ya mjukuu.

Ushauri wako nimeufuata neno kwa neno. Nilipomwambia, Kiilu alikuwa ameketi uani, akainua kichwa akaangalia kwa muda mrefu lile boma tupu la mbuzi, maana hata wale wawili wamekufa. Nikaondoka nikiwa na furaha, mjinga mimi.

Jumatano akaja. Alivaa lile koti la arusi ya binti yangu na kofia, kiondo begani, amekifunika kwa majani, anatembea wima kama zamani. Watu kwenye foleni wakampisha. Wengine walikuwa karibu kulia. Akakiweka mezani taratibu, akavua kofia. Pasta Mutisya naye akaguswa mno, akasahau somo la jogoo. Akaweka mikono yote miwili juu ya kiondo, akafumba macho, akaomba sala ndefu kuliko ya ubatizo: ubariki mkono uliotoa, ubariki shamba lilikotoka, ukawe manukato mbele zako. Tukasema amina. Akafunua majani.

Mbolea ya mbuzi. Imejaa mpaka mdomoni.

Kiilu akavaa kofia yake. "Mpelekeeni mwenye kiondo," akasema. "Mwambieni hao ndio mbuzi wangu. Hicho ndicho kilichobaki chao." Akageuka akaenda. Nilimkimbilia na sahani ya muthokoi wa mahindi na maharagwe, akaipita kama mti.

Sasa kamati imewaka moto. Mwenyekiti anasema mtu ametia kinyesi katika chombo cha chakula, tena kanisani, tena kikaombewa. Wanataka aombe radhi mbele ya watu kabla hajapewa hata punje. Nzau, unamjua. Ataomba radhi siku mbuzi watakapoomba radhi. Wanakutana baada ya wiki tatu, na nikiangalia ile kamba ya suruali, wiki tatu ni nyingi.

Sikuimwaga. Alisema mpelekeeni, basi mimi ni mjumbe tu. Kiondo kiko kwa Musembi, kimefunikwa vile vile. Musembi anasema huo ni mzigo wa kwanza amewahi kubeba kurudi Kikima, na angependa kujua kama ndivyo itakavyokuwa.

Wewe na hesabu zako.

Kasiva


Kikima, 9 Oktoba 2022

Dada Kasiva,

Musembi alisimama mbali akaninyooshea kiondo kwa mikono mirefu. Niliketi hata kabla ya kuambiwa.

Najua unachotaka kuuliza. Ndiyo, niliona ni tusi. Sijawa mjinga kwa sababu ya baridi. Nilikiweka pale chini ya ghala nikakizunguka asubuhi nzima, nikitunga majibu, na mengine yalikuwa mazuri sana. Halafu Ndunge akaja, akainama, akachukua kidogo kiganjani, akapuliza. Akasema, "Baba Nthiwa, tusi kavu namna hii halijawahi kufika hapa."

Nikatia mkono mpaka kiwiko. Kavu. Nyepesi. Haina jiwe, haina kijiti, haina hata unywele wa mbuzi. Dada, hii imechekechwa. Niambie wewe unayesimamia watu: ni nani anayeketi uani na njaa yake, achekeche tusi?

Kuanzia hapa isome kanisani, kwa sauti, kabla kamati haijakutana:

Kwa kanisa la Zombe. Sisi akina mama na wazee wa Kikima tumepokea zawadi iliyotoka kwa Mzee Kiilu, na tunashukuru. Huku kwetu mvua ipo lakini udongo umechoka. Mbolea ya mbuzi safi kama hii hatuioni. Tunayoletewa ina mchanga. Tumeigawana kwa kasuku, ule mkebe wa mafuta ya kupikia, kila mtu kidogo kwenye miche yake, na dada wawili hawasalimiani tangu siku ile. Tunaomba yeyote aliye na boma, hata kama mifugo imekwisha, asione haya kutujazia kiondo. Lori linakuja huku tupu. Na kwa Mzee Kiilu mwenyewe tuna lalamiko moja, atusamehe: mtu mwenye boma kubwa vile kutuma kiondo kimoja tu, tumeona ni kidogo.

Hapo ishia. Usisome sehemu ya Ndunge.

Nzau


Zombe, 30 Oktoba 2022

Nzau, wewe ni mtu mbaya, na Mungu akubariki.

Tuko wazima. Mjukuu sasa anakimbia, na goti langu linamkimbilia. Mawingu yanakuja kila alasiri kututazama, yanaondoka bila kununua kitu.

Niliisoma. Nilisoma polepole, na nilipofika "tumeona ni kidogo" nikatua kidogo kama wafanyavyo wasomaji wa taarifa. Mwenyekiti wa kamati akaangalia viatu vyake. Pasta Mutisya akasema amina, na safari hii alikuwa ameangalia ndani kwanza. Kiilu hakuwepo, lakini Mumbua alikuwepo, na hiyo ni sawa na kumpigia Kiilu simu. Sijamaliza kula chakula cha mchana nikasikia fimbo yake mlangoni.

"Nilimtukana," akasema.

"Amesema asante."

"Mwandikie tena. Labda hakuelewa."

"Ameelewa, kaka. Amesema ni kidogo."

Hapo akakaa. Sikumkaribisha kiti, alikaa tu, fimbo magotini. "Kidogo," akasema. "Mimi?" Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa. "Huyo mtoto nilimlisha kwa mkono huu. Leo ananiambia mimi ni mchoyo?" Nikasema sijui, mimi ni mjumbe tu. Alitoka bila kuaga. Nilimsikia akisema "kidogo" mpaka kwenye kichaka cha minyaa.

Jumatano alikuja na mkokoteni wa punda wa Mumbua, umejaa magunia. Lakini hakuwa wa kwanza, na hilo ndilo nataka ulijue. Wale tuliotaka kuwafuta walikuwa wamefika tangu alfajiri. Viondo ambavyo sijaviona tangu mwezi wa tano vilikuwa kwenye foleni, vyote vimejaa, na wenye navyo wamesimama wameinua videvu. Uwanja wa kanisa ulinuka kama zizi la Bethlehemu. Pasta alikataa kuombea kimoja kimoja, akaomba kwa jumla, akiwa upande wa upepo.

Kiilu akaanza kupita kiondo kwa kiondo. "Hii mbichi. Utawachomea miche. Kaianike." "Hii ina mawe, unawapelekea nyumba?" Hakuna aliyemchagua, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mwenyekiti wa kamati mwenyewe alirudishwa nyumbani na kiondo chake akachekeche. Kiilu hakuambiwa aombe radhi, na kikao hakikufanyika, maana wanakamati walikuwa na mbolea mikononi.

Zamu ya Kiilu ilipofika nilimjazia mahindi na maharagwe, na juu nikaweka viazi. Akavitazama.

"Viazi vya huko vina macho mengi," akasema.

"Virudishe basi."

Akavuta kiondo kwake. Kisha nikaweka sahani ya muthokoi pembeni mwa meza, si mbele yake, pembeni tu, kama mtu aliyeisahau. Nikawageukia watu. Sikugeuka tena mpaka nikasikia kijiko kikigonga chini ya sahani. Nilipogeuka alikuwa ameegemeza mgongo ukutani na macho yake yamelowa, akasema ni vumbi la mbolea. Nikasema ndiyo, vumbi ni kali.

Tangu siku hiyo jioni nikipita naona moshi.

Sasa jiandae. Anasema Musembi anapakia vibaya, magunia yatapata maji Mbooni, na watu wa huko hawajui kutumia kitu. Safari ijayo atapanda lori. Amesema haji kukuona wewe, anakuja kuona mbolea yake imetiwa wapi. Nzau, nisikie: usimpokee kwa hotuba. Usimwonyeshe nyumba. Usiseme chochote kuhusu kilima ni cha nani. Na huyo ng'ombe mfiche.

Kasiva


Kikima, 20 Novemba 2022

Dada Kasiva,

Alifika Jumanne. Hakunisalimu. Alishuka, akauliza Ndunge hali yake, akauliza watoto majina yao ingawa anayajua, kisha akapita kando yangu akaenda moja kwa moja kwenye miche. Nilimfuata. Sikutoa hotuba. Niliyokuwa nimeandaa bado iko mfukoni na haina mnunuzi.

Akachuchumaa, akachimba kwa kidole. "Nani alikufundisha kurundika mbolea kwenye shina?"

"Nimejifundisha."

"Inaonekana."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza tumeambiana tangu nihame. Akaomba jembe. Nikampa langu, akalipima mkononi akasema ni la kuchezea, akaanza kulima nalo hivyo hivyo. Nikachukua la Ndunge. Tulikwenda mche kwa mche, yeye mbele, mimi nyuma nikifukia, kama tulivyokuwa kwa baba, mpaka mvua ikatufukuza. Huku imenyesha. Jikoni Ndunge alimwekea chakula, akala, akaongeza, akamwambia Ndunge kwamba angeolewa Zombe angekuwa mpishi mzuri zaidi. Ndunge amekubali hiyo iwe sifa.

Baba mkwe alikuja jioni kumwona. Mimi nilitoka nje kuangalia kama mvua bado inanyesha, ingawa nilikuwa nikiisikia. Niliporudi walikuwa wanalinganisha magonjwa. Kiilu alisema, "Kilima chenu kina baridi, lakini kinashika maji." Mzee akasema, "Na huyu kijana wenu anashika kazi." Kiilu alifikiri sana. "Akisimamiwa," akasema.

Alisema ataondoka kesho yake. Kesho yake alisema kuna mche mmoja hajaridhika nao. Ng'ombe nilimficha, akamsikia, akaenda mwenyewe kumtazama, na sasa ananiambia kwato zake zinahitaji kukatwa.

Leo ameondoka na Musembi. Lori limejaa viazi na kabichi zenu, na yeye amekaa mbele akishikilia viondo vyote mapajani, hataki vibanwe. Tuliagana kwa mkono. Aliushika kitambo, akaniambia nimenenepa.

Jana nilimpeleka soko la Kikima akanunua jembe la ukubwa wake. Aliwasumbua wauzaji wote, akagonga kila chuma, akanusa mpini. Asubuhi nikalibeba nilipakie pamoja na mizigo yake. Akalichukua mikononi mwangu, akarudi nalo jikoni, akaliegemeza ukutani nyuma ya mlango. Akamwambia Ndunge lisiguswe na mtu yeyote, na hasa mimi.

Bado liko pale. Ndunge akifagia, analizunguka.

Nzau